Fundo la Kushoto

Nimelala kifudifudi nyuma ya kabati la vioo,
tochi mdomoni, vumbi la miaka kumi na tisa puani.
Kutaisi, ghorofa ya nne, mwezi wa Machi.
Mama anataka televisheni mpya iseme
kwa spika za zamani za Otia,
si kwa koo lake jembamba.
“Zile zinanguruma,” anasema. “Mpaka vikombe huitikia.”

Otia tulimzika Februari.
Fundi umeme wa kiwanda cha malori, miaka thelathini,
na rangi nyekundu hakuijua.
Siri hiyo walikuwa nayo wawili, yeye na mama:
kwenye mtihani wa kazi alibahatisha,
sokoni alibonyeza nyanya moja moja kama daktari,
komamanga aliligonga akalisikiliza.

Waya zake sasa ndizo hizi.
Mmoja una mstari mweupe ubavuni, umefifia.
Mwingine wa kijivu, ukiutazama utasema ni mapacha;
pitisha kucha, na pacha mmoja ana mfuo
kama mshono wa suruali.
Zile ziendazo kwenye spika zina ngozi angavu,
ndani mshipa wa shaba, na mshipa wa fedha.

Na juu ya kila waya, fundo la uzi wa kushonea,
alama yake ya chanya.
Kulia, fundo limekaa kwenye shaba.
Kushoto, limekaa kwenye fedha.

Nikatabasamu gizani. Maskini baba.
Nikakata fundo la kushoto, nikageuza:
shaba kwa nyekundu, fedha kwa nyeusi, pande zote mbili.
Nikakaza skrubu
kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Mama akawasha. Mtangazaji wa habari akafungua kinywa
na sauti ikatoka, sijui nisemeje,
kila mahali na si popote.
Besi imeliwa. Vikombe kimya.
“Huyu kaumwa?” mama akauliza. “Amebaki ganda.”

Nikazima, nikachomoa.
Nikatoa betri kwenye saa ya ukutani
(ilikuwa saa nne na robo)
nikagusisha waya za spika ya kulia:
utando mweusi ukatoka mbele kidogo, kama kifua
cha mtu avutaye pumzi kabla ya kusema.
Sawa.
Nikagusisha za kushoto vilevile, chanya kwa nyekundu.
Utando ukarudi ndani.

Tena.

Ukarudi ndani.

Kumbe aliyeifunga spika hii zamani zile,
mtu mwenye macho yake mazima,
alivusha waya ndani ya sanduku, akapiga muhuri,
akaenda kula.
Nje, nyekundu na nyeusi zikabaki zimesimama
zinasema uongo kwa adabu.
Na mimi nikaziamini: spika moja ikisukuma hewa,
mwenzake akiivuta, zikafutana
katikati ya zulia, pale mama alipokaa.

Otia hakuwa na rangi ya kumdanganya.
Aliweka kiganja mbele ya utando, akangoja,
akafunga fundo pale kiganja kilipomwambia.
Hakumsimulia mtu. Angeanzia wapi?

Nimerudisha fedha kwenye nyekundu.
Uzi nimeuokota zuliani; umekuwa mfupi,
haufungiki kwa vidole vyangu.
Mama ameleta mwingine, kwenye mkebe wa biskuti.
“Alitumia rangi gani?” nimeuliza, bila kufikiri.
Ameniangalia kwa muda.
“Wowote uliokuwa juu.”

Sasa mtangazaji amepata kifua.
Anasoma hali ya hewa, theluji bado milimani,
na kabatini kikombe kimoja, chenye ufa,
kinatetemeka kwenye kisahani chake.
Mama amesogeza kiti karibu.
Betri iko mfukoni mwangu. Ukutani
bado ni saa nne na robo,
na hakuna aliyeniambia niirudishe.